Jani Lisilotajwa: Meza ya Tukuyu na Mkahawa wa Kihindi wa Kisasa

Tukuyu ni mji wa mvua na ukungu. Barabara itokayo Mbeya hupandia Uyole, hupita Isongole na Kiwira huku ikiuacha mlima Rungwe, wenye kimo kipatacho mita 2,960, upande wa kushoto, kisha huteremka taratibu kati ya migomba na mashamba ya chai hadi mjini. Asubuhi ya mvua, na asubuhi nyingi za huko ni za mvua, wasafiri wa Kyela na wachuuzi wa ndizi huingia katika migahawa midogo iliyo karibu na stendi, hukaa juu ya mabenchi, na huagiza kitu kile kile: chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati mbili, pengine na maharage. Hakuna hata mmoja wao anayedhani kwamba anakula chakula cha Kihindi. Anakunywa chai, basi.

Katika miji mikubwa ya dunia chai hiyo na chapati hiyo zimevaa joho jingine. Mwaka 2001 mikahawa miwili ya London, Tamarind na Zaika, ilikuwa ya kwanza miongoni mwa mikahawa ya Kihindi kutunukiwa nyota ya Michelin, na tangu hapo upishi wa Kihindi umepanda daraja ambalo zamani liliwekewa Wafaransa peke yao. Indian Accent ulifunguliwa New Delhi mwaka 2009. Mwaka 2025 Trèsind Studio wa Dubai, mji ambao watu wengi wa pwani wanaujua kwa biashara kuliko kwa upishi, ukawa mkahawa wa kwanza wa Kihindi kupata nyota tatu. Katika mikahawa ya daraja hili chakula huletwa sahani ndogo baada ya sahani ndogo, pengine kumi na zaidi kwa usiku mmoja, na kila sahani ina maelezo yake ambayo mhudumu huyasimulia akiwa amesimama kando ya meza.

Ni rahisi kuyabeza haya, na mabezo ya namna hiyo hayana faida. Kwa muda mrefu upishi wa Kihindi nje ya India ulihesabiwa kuwa chakula rahisi cha usiku wa manane, mchuzi mmoja mwekundu uliopewa majina ishirini. Mpishi wa kisasa ameukataa mchuzi huo mmoja. Amesema kwamba Kerala si Punjab, kwamba Wagoa hawapiki kama Wabengali, kwamba bara zima haliwezi kutiwa katika neno moja. Hilo ni tendo la haki, na anayelipinga kwa kisingizio cha bei ya sahani hajaelewa kilichokuwa kikidaiwa. Linalostahili kuhojiwa ni jambo jingine: lugha ambayo haki hiyo imeandikwa.

Kwani mkahawa wa namna hii haupiki tu, unaandika pia. Orodha yake ya vyakula ni matini, na aghalabu ni matini iliyotungwa kwa uangalifu mkubwa kuliko habari nyingi za magazeti. Orodha ya zamani ilikuwa ndefu kama msafara, kila mchuzi ukifuatwa na kuku, na mbuzi, na kamba, na namba pembeni. Ya kisasa ni fupi. Kila sahani ina mstari mmoja au miwili, nomino tatu au nne zilizotengwa kwa vituo vidogo, na miongoni mwa nomino hizo kwa kawaida mna jina la mahali: pilipili ya Kashmir, kamba wa Malabar, pilipili manga ya Tellicherry, chai ya Darjeeling. Jina la mahali ndilo kina cha mwisho cha mstari. Msomaji wa mashairi ataliona hilo upesi: ni ubeti wa nomino tupu, wenye mizani ya kupendeza, lakini kitenzi hamna.

Kukosekana kwa kitenzi si jambo dogo, hasa kwa anayesoma kwa masikio ya Kiswahili. Kitenzi cha Kiswahili hakisemi kitu mpaka kibebe mtu: anachuma, wanasaga, tulikanda. Ondoa kiambishi na umemwondoa mtu. Nomino, kwa upande wake, huweza kukaa peke yake juu ya karatasi nzuri bila kumdai yeyote. Orodha ya mkahawa wa kisasa inasema chai imetoka wapi, nayo inastahili kusifiwa kwa kusema hivyo. Haisemi nani ameichuma.

Linganisha na namna Waswahili wanavyoviita vyakula vyao. Samaki wa kupaka. Mkate wa kumimina. Chapati ya kusukuma. Ndizi za kuchoma. Katika kila jina kuna tendo, na nyuma ya tendo kuna mkono, ijapokuwa mwenye mkono hatajwi. Anayesikia "mkate wa kumimina" anaona bakuli, anaona uji wa mchele ukishuka chunguni, na akiwa mtu wa pwani anaona hata ukingo wa kanga ya mmiminaji. Jina la chakula ni maelekezo ya kukipika yaliyofupishwa. Halisemi mchele umetoka Kyela au Pakistani. Kwa hiyo kuna njia mbili za kukumbuka kwa kutaja: mkahawa wa kisasa unakumbuka mahali na kuusahau mkono, Kiswahili kinaukumbuka mkono na kusahau mahali. Haitakuwa haki kusema kwamba moja ni tukufu na nyingine ni hafifu. Kila moja inamwacha mtu fulani nje ya mlango.

Mtu anayeachwa nje na zote mbili ni mkulima wa chai wa Rungwe.

Chai ya Rungwe si ya jana. Mchai ulijaribiwa Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20 wakati wa Wajerumani, na kilimo chake cha biashara katika nyanda za juu za kusini, Mufindi na Rungwe, kilishika kasi chini ya Waingereza kati ya vita vikuu viwili. Baada ya uhuru serikali iliwahimiza wakulima wadogo nao waupande kando ya migomba yao, ndiyo maana leo msafiri anayetazama bonde la Rungwe haoni shamba moja kubwa bali viraka: migomba, chai, maharage, chai tena, miparachichi. Mwanzoni mwa karne hii viwanda vya Katumba na Mwakaleli viliwekwa chini ya Kampuni ya Chai ya Wakulima, wakulima wadogo wakiwa na sehemu ya hisa kupitia umoja wao. Kampuni ya Cafédirect ya Uingereza imewahi kuinunua chai yao kwa masharti ya biashara ya haki. Kuna pia shamba la Chivanjee, jina ambalo mwisho wake masikio ya Unguja yanaujua kutoka kwa Karimjee na Jivanjee.

Jani lenyewe ni la ukoo wa India. Michai ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni ya aina ya Assam, yenye majani mapana, tofauti na ile ya China yenye majani madogo. Na mashine inayoisaga sehemu kubwa ya chai ya Tanzania ilibuniwa Assam katika miaka ya 1930: jani lililonyaushwa hupitishwa kati ya magurudumu yenye meno, hukatwa, huchanwa, huviringwa kuwa punje ndogo, kisha huachwa hewani mpaka rangi ya kijani igeuke shaba, ndipo likaushwe na kuchekechwa. Punje hizo hutoa rangi upesi na kwa nguvu. Hazimfai mtu anayetaka kukinywa kikombe kimya kimya bila kitu, kama wanavyofanya wapenzi wa Darjeeling. Zinafaa kuchemshwa na maziwa, sukari, tangawizi na iliki, kwa sababu rangi yake haizami katika maziwa. Kwa maneno mengine, zimeumbwa kwa kinywaji kile kile ambacho mkahawa wa Kihindi wa kisasa hukitoa mwishoni mwa karamu, ndani ya bilauri ndogo, pamoja na kipande cha halua iliyofikiriwa upya.

Hapa ndipo dai la asili linapoanza kuyumba. Orodha za mikahawa hii hupenda neno la asili na neno la jadi. Walakini chai ya maziwa yenye viungo si ya kale huko India kama inavyodhaniwa. Wahindi walio wengi hawakuwa wanywaji wa chai mpaka wenye mashamba na wafanyabiashara wa wakati wa ukoloni, kupitia Chama cha Chai cha India, walipofanya kampeni ya miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20: katika vituo vya reli, viwandani, sokoni. Wauzaji wa mitaani waliongeza maziwa, sukari na viungo kuliko walivyofundishwa, maana jani lilikuwa ghali na maziwa yalikuwapo. Punje zile za mashine ya Assam zilipopatikana kwa bei ndogo, kinywaji kikaenea kote. Wakati huo huo mchai ulikuwa ukipandwa Rungwe. Chai ya Mumbai na chai ya Tukuyu ni ndugu waliokua pamoja. Hakuna aliye baba wa mwenzake.

Na si chai peke yake. Pilipili zilizo moyo wa upishi wa Kihindi zilivuka bahari kutoka Amerika pamoja na Wareno. Viazi vya ndani ya sambusa vina asili ya huko huko, kama vilivyo viazi mviringo vya Uporoto na maparachichi ambayo Rungwe huyapeleka Ulaya. Hata mgomba, ambao Mnyakyusa hawezi kuifikiria nyumba bila ya huo, ulitoka kusini-mashariki ya Asia katika zama ambazo hazina tarehe. Meza ya Tukuyu imejaa wageni. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wageni hawa walipewa majembe zamani sana.

Chapati ni mfano mzuri kuliko yote. Huko India neno hilo ni la mkate mwembamba, usio na mafuta, usio na tabaka, uliookwa juu ya chuma kikavu. Mkate wenye mafuta na tabaka una jina jingine: paratha. Mpishi wa Afrika Mashariki alilichukua jina la mkate wa kwanza akalivisha mkate wa pili. Anakanda unga kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, anasukuma, anapaka mafuta, anakunja au kuzungusha kama konokono, anauacha upumzike, anasukuma tena, anachoma kwa mafuta mpaka madoa ya kahawia yatokee. Mkahawa wa Kihindi wa kisasa ukiutia mkate huu katika orodha, utauita paratha ya tabaka na kuuweka karibu na mwisho, kando ya mchuzi uliopikwa usiku kucha. Mama lishe wa Tukuyu anauita chapati na kuuweka ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko ili usipoe. Mwenye kamusi atasema mama lishe amekosea. Mwenye kujua lugha atasema neno limehama, limeoa, limezaa.

Lilihamaje mpaka huko juu? Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iliwaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na wapishi wao pamoja nao. Majeshi ya Kiingereza yalieneza unga na chai. Na wenye maduka, wa Kigujarati hasa, waliingia bara mji baada ya mji. Neno duka lenyewe, na gunia lililokaa mlangoni pake, na laki iliyohesabiwa humo, yalikuja kwa njia hiyo hiyo ya bahari. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kutaifishwa kwa majengo mwaka 1971, wengi katika wenye maduka waliondoka katika miji midogo ya bara: wengine Dar es Salaam, wengine Uingereza na Kanada. Waliondoka, chapati ikabaki. Kuna ukatili fulani katika sentensi hiyo, na haifai kupakwa sukari. Mji uliendelea kuupenda mkate na haukuwauliza tena waliouleta.

Kwa hiyo kuna kusahau kwa aina mbili, na mhakiki wa chakula asipozitenganisha atahukumu vibaya. Tukuyu imesahau kwamba chapati ni ya Kihindi kama mtu anavyosahau kwamba shemeji yake hakuzaliwa katika ukoo; kumkumbusha ni kumtenga. Mkahawa wa kisasa hausahau hivyo. Kazi yake yote ni kukumbuka, tena kwa bei. Kwa sababu hiyo pengo katika kumbukumbu yake ni zito zaidi. Ukishajitia kutaja, usilolitaja limekuwa uamuzi. Ramani yake inaanza Kashmir na kuishia Malabar, kama kwamba bahari ilikuwa ukuta, ilhali kwa watu wa Kutch, wa Muscat na wa Unguja bahari ilikuwa njia. Karafuu iliyo ndani ya pilau yake huenda ikawa imekauka juu ya jamvi la Pemba. Rungwe si miongoni mwa majina yanayotafuta kina katika mistari yake.

Upo mkahawa mmoja uliojaribu kuuvuka ukuta huo. Ravinder Bhogal alizaliwa Nairobi katika familia ya Kihindi, akahamia London akiwa mtoto, na mwaka 2016 akafungua huko mkahawa alioupa jina la Kiswahili: Jikoni. Haujiiti wa Kihindi tu. Hujieleza kuwa jiko lisilo na mipaka, na kitabu chake cha mapishi cha mwaka 2020, chenye jina hilo hilo, hujivunia katika jina lake dogo kwamba mapishi yake si ya asili. Huo ni ujasiri katika biashara ambayo kila mtu huapa kwa bibi yake. Na jina limechaguliwa vyema kuliko pengine mwenyewe alivyokusudia. Jikoni ni neno la mahali kwa kiambishi chake cha mwisho, lakini ni mahali ambapo hapawezi kufikiriwa bila mikono. Katika neno hilo moja njia mbili za kutaja, ile ya mahali na ile ya mkono, zimekutana.

Sahani zake mbili zilizopata sifa zina ndizi. Ya kwanza ni yai la kuchemsha lililovishwa kamba badala ya nyama, likakaangwa, likaletwa na sosi ya ndizi. Ya pili ni keki ya ndizi yenye karameli iliyotiwa miso ya Kijapani, pamoja na kulfi ya Ovaltine. Isomwe sahani hii ya pili kama ubeti. Ndizi ni Afrika Mashariki iliyoiva mno, ambayo mama hakuitupa. Miso ni chumvi ya ugenini, isiyo na uhusiano na utoto wa mtu yeyote wa Nairobi. Kulfi ni ya nyumbani kwa babu. Ovaltine ni kopo la Uswisi lililosafirishwa na himaya ya Kiingereza mpaka kabati la juu la kila familia iliyotaka watoto wake wafaulu mitihani, Nairobi kama Dar es Salaam. Hapa hakuna jina la mahali hata moja, na bado mtu aliyekulia upande huu wa bahari anajua sahani imetoka wapi. Ni mashairi mazuri. Kasoro yake ni kasoro ya mashairi mengi mazuri ya ughaibuni: kumbukumbu ni ya mtoto aliyelishwa, si ya aliyelisha. Ndizi imekuja ikiwa imeiva. Mkungu haukukatwa na mtu.

Lakini hata chakula kikitajwa vizuri namna gani, bado liko swali la nani anakula na nani. Katika swali hilo Rungwe ina neno ambalo mikahawa ya dunia ingelilipia fedha nyingi kama ingelijua. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 *Good Company* kwa sababu ya neno hilo: ukwangala. Ni raha ya kuwa pamoja na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuzungumza nao, na kupata adabu na akili katika mazungumzo hayo. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao kando ya wazazi, nao walikwenda kula kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtu aliyekula peke yake alitiliwa shaka. Kula na wenzako hakukuwa starehe iliyoongezwa juu ya maisha. Ndiyo iliyokuwa shule yake.

Neno hilo lisitiwe marashi. Ukwangala alioueleza Wilson ulikuwa hasa wa wanaume. Akina mama walipika kwa zamu, na hawakuwa na kijiji cha rika cha kukimbilia. Wala si India iliyokuwa paradiso ya kula pamoja. Sheria za nani ale na nani, na nani asiguse chungu cha nani, zilikuwa kali huko kuliko Rungwe, na ni sifa kubwa ya mkahawa, wa bei yoyote, kwamba uliwaketisha watu wa matabaka tofauti katika chumba kimoja chini ya feni moja. Hayo yakishasemwa, kipimo bado kinafaa. Karamu ya sahani kumi hutengwa mtu kwa mtu. Kila mmoja ana sahani yake, kijiko chake, maelezo yake. Mhudumu husimulia, mlaji husikiliza. Anapojibu, hujibu kwa kushangaa. Msomaji anayeijua ngonjera atasema kwamba hapa upande mmoja tu ndio uliopewa beti. Kwenye benchi la Tukuyu chapati hukatwa kwa mkono, maharage huwa katika bakuli moja wakiwa wawili, na asiyejulikana husogezewa nafasi kwa neno "karibu" ambalo halina bei. Chakula chenyewe mara nyingi si kizuri. Chapati za alasiri huwa ngumu, maziwa huongezwa maji. Mhakiki mkweli hatasema kwamba kinachopikwa hapo kinashinda kinachopikwa Dubai. Atasema kwamba watu wanaokula hapo wanazungumza.

Mkahawa wa Kihindi wa kisasa unaweza kujifunza kutaja bila kuharibu mizani yake. Wapishi wake wameshathibitisha kwamba wanaweza kumfundisha mlaji wa London kutofautisha kamba wa Malabar na kamba wa Bengali. Mlaji huyo huyo hatashindwa na neno Rungwe. Wala haitoshi kuliandika jina kama pambo. Jina likiingia katika orodha huanza kudai mambo: kwamba jani lisichanganywe, kwamba kiwanda kijulikane, kwamba bei ya kilo ya jani bichi iwe na mtu wa kuijibu. Ndiyo sababu majina ya mbali huachwa mbali. Darjeeling ilipata ulinzi wa jina lake kisheria nchini India mwanzoni mwa karne hii, na ulinzi huo haukuja kwa sababu chai yake ina harufu nzuri tu.

Kwa sasa jina la Rungwe husafiri nusu ya njia. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, huyapeleka kwenye kituo cha kununulia, hupimiwa, huandikiwa. Kiwandani jani huwa punje, na punje huwa daraja: BP1, PF1, vumbi. Kwa miaka mingi chai hiyo iliuzwa zaidi katika mnada wa Mombasa. Mwishoni mwa mwaka 2023 mnada wa Dar es Salaam nao ulianza. Katika daftari la mnada kila fungu huandikwa kwa jina la kiwanda chake, na muonjaji, aliyesimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, huvuta kijiko kimoja kwa sauti, hukizungusha mdomoni, hukitema, na kutamka neno moja au mawili juu ya rangi na ukali wake. Humo jina bado limo. Mnunuzi akishalipa, hulichanganya fungu hilo na ya Kenya, ya Malawi, ya Assam, ili pakiti ya mwezi huu ionje kama pakiti ya mwezi uliopita. Chai inayofika jikoni mwa mkahawa haina tena Katumba ndani yake, ingawa Katumba imo.

Kwenye benchi la stendi ya Tukuyu hakuna anayeuliza jani limetoka wapi. Mvua ikianuka, mashamba yanaonekana kilimani.